Ndoo ya Mashua

Jumatatu na Alhamisi Yuliana alishuka bondeni kuteka maji mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake, mara ya pili kwa ajili ya mashua. Kwenda na kurudi ni mwendo wa saa tatu, na safari yote ya kurudi ni kupanda. Akifika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji hupanda ngazi iliyoegemezwa ubavuni mwa mashua, humimina lita ishirini ndani yake, kisha huinua ndoo na kulinywa tone la mwisho, kwa kuwa hilo tone hakuna aliyelipangia matumizi.

Kijiji cha Namidondi kiko juu ya uwanda wa Newala, upande wa kuelekea Makote. Bahari iko mbali. Wengi wa hapo wameiona mara moja tu, siku walipompeleka mgonjwa Mtwara, na wakiulizwa husema ni kubwa lakini maji yake hayafai kupikia ugali. Maji ya kijiji ni ya mvua. Bati linakinga, mfereji unapeleka, kisima cha saruji nyuma ya nyumba kinapokea, na ikifika Agosti ndani ya kisima hubaki mjusi. Bomba lipo. Lilizinduliwa zamani kwa hotuba mbili, na sasa hivi koki yake hufungiwa mbuzi.

Mashua ililetwa na utafiti. Mradi wa Kuhifadhi Ujuzi wa Vyombo vya Mbao ulitaka kujua ni wapi ufundi huo umo hatarini zaidi. Watafiti walipita pwani, wakakuta mashua nyingi na mafundi wanagonga, wakaandika kwamba hali inaridhisha. Walipopanda uwandani hawakuona mashua hata moja. Namidondi hapakuwa na kiwanda cha mashua wala gati, na vijana waliohojiwa hawakujua mkuku ni kitu gani. Ripoti ikasema kwamba hali ya Namidondi ni mbaya kuliko ya kijiji kingine chochote katika kanda, na mradi wote ukahamishiwa huko.

Mratibu wa mradi, Bwana Erasto, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, aliisoma ripoti hiyo mbele ya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti Arthur aliinua mkono akauliza kama mradi ungeweza kulitazama lile bomba. Erasto alijibu kwa upole kwamba bomba si ujuzi wa asili.

Fundi alikuwepo mmoja. Mzee Awadhi alizaliwa upande wa Masasi, akaenda Mikindani akiwa kijana, akaunda mashua huko miaka arobaini, na alipoanza kuota mtoto wa jicho alikuja kuishi Namidondi kwao mke wake, kama wanaume wengi wa uwandani wanavyofanya. Alikuwa analima kunde na kuokota korosho za mkewe. Mradi ulipomwendea alikubali siku hiyohiyo, na sababu yake hakuificha.

"Macho yanazima, bwana," alimwambia Erasto. "Nataka nimwachie mtu mmoja. Mmoja tu ananitosha. Kazi hii haikai kwenye karatasi."

Erasto akamwahidi kumi na wawili.

Wale kumi na wawili walichaguliwa kwa kuwa na cheti cha kidato cha nne. Walikuwa vijana wazuri wenye adabu. Walikuja siku za ufunguzi, siku za chai na sambusa, na siku za wageni, wakasaini, wakapigwa picha wameshika tezo ya kuchongea kwa upande wa makali. Siku nyingine Awadhi alifanya kazi peke yake uwanjani, akizipapasa mbao kwa viganja zaidi kuliko alivyozitazama.

Uwanja huo ulikuwa njiani mwa Yuliana. Akitoka bondeni na ndoo hupumzika kivulini hapo, na kwa kuwa si mtu wa kukaa bure alikuwa anatazama. Awadhi alikuwa anatengeneza mataruma, zile mbavu za mashua zinazoshika mbao, na kwa kuwa Namidondi hapana mikoko alitumia matawi ya mikorosho mizee. Mkorosho haujawahi kunyooka tangu kuumbwa kwake, kwa hiyo mataruma yalipatikana yamekwisha kupinda. Wiki ya tatu Yuliana alishindwa kunyamaza.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Mama Winfrida."

"Hilo taruma la huku litakusumbua. Tawi la mkorosho likikatwa na maji yake, likikauka linajikunja tena. Ungelilaza juani kwanza, na jiwe juu."

Awadhi alilipapasa taruma kutoka huku mpaka huku. Kisha aling'oa misumari minne aliyoipigilia asubuhi, akalilaza taruma juani, akaweka jiwe.

"Kesho ukipita, pumzika kidogo zaidi," alisema.

Basi ikawa hivyo. Yuliana alipumzika kidogo zaidi kwa muda wa miezi minane. Mume wake, Nikolao, alilalamika kwamba maji yanachelewa, akaambiwa na yeye ana kichwa cha kubebea ndoo, akaacha kulalamika. Yuliana alijifunza kupima kwa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, maana mashua ya Awadhi haikuwa na mchoro. Ilikuwa na mikono kumi na nane, na mengine yote yalikuwa kichwani kwake. Alijifunza kuchonga ubao wa mwembe mpaka ulale juu ya taruma bila kulazimishwa. Alijifunza kalafati, yaani kuishindilia pamba kwenye kila mwanya kati ya ubao na ubao. Pwani pamba huloweshwa mafuta ya papa. Namidondi walitumia mafuta meusi ya maganda ya korosho, ambayo hayapitishi maji na pia hubabua ngozi, na mikono ya Yuliana ilichunika mara mbili.

Awadhi hakuiona kalafati yake. Aliisikiliza. Alikaa juu ya gogo, mgongo kwenye mashua, akasema, "Hapo bado. Nyundo inalia kama inagonga boga." Yuliana akaongeza pamba. "Bado." Akaongeza. Nyundo ikaanza kulia kama inagonga jiwe, na mzee akasema, "Haya, songa mbele."

Mashua ilipokamilika Awadhi aliueleza mkutano wa kijiji kwamba mbao mpya lazima zilowe ili zivimbe zikamatane, la sivyo jua litaifungua mianya yote. Pwani, alisema, mashua inasukumwa majini na neno limekwisha. Watu wa Namidondi walimsikiliza kwa makini. Halafu wakafanya kile ambacho watu wa uwandani hukifanya na kitu chochote kikubwa kisichovuja: waliijaza. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba maji yanaweza kukaa nje na kitu kikavu kikawa katikati. Kwao maji hukaa ndani, na nje ndiko kukavu. Awadhi alitoka kusali Ijumaa akaikuta mashua ina maji hadi ubao wa nne. Akapapasa ubao kwa ndani, akapapasa kwa nje, akasema sawa, itavimba tu, akaenda kula.

Erasto aliuona utaratibu huo ni mzuri, akauandika katika Mwongozo wa Uhifadhi: kila kaya ndoo moja, Jumatatu na Alhamisi, kwa kipindi chote cha uhifadhi. Kipindi hicho hakikuandikiwa mwisho.

Mwezi ulipokuwa mpevu, saa kumi jioni, mashua iliinuka. Iliondoka juu ya magogo yake polepole, pamoja na maji yote yaliyokuwa ndani, ikasimama usawa wa paa la ofisi ya kijiji, ikawa inayumbayumba kidogo. Chini yake palikuwa na mchanga mwekundu na kuku. Mwenyekiti Arthur alitoka ofisini kwa hofu kwamba itagonga mlingoti wa bendera, akaagiza ifungwe kamba kwenye mkorosho. Kisha akatumwa mtu kwenda kumuuliza Awadhi.

"Leo mwezi ngapi?" Awadhi aliuliza.

Akaambiwa ni mpevu.

"Basi hiyo bamvua. Bahari imejaa huko Mtwara. Mpaka saa nne usiku itakuwa imeshuka."

Ikashuka. Kesho yake iliinuka tena, ikachelewa kama dakika hamsini, na hivyo hivyo kila siku, mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa nusu, wakati wa maji mafu, ilipanda hadi usawa wa goti tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ilifika paani. Wenye zamu ya ndoo walijifunza kuja wakati wa kupwa, maana maji yakijaa ngazi haifiki. Watu wawili watatu waliopita hapo na pikipiki wakielekea Mnyambe waliuliza kamba ile ni ya nini, wakajibiwa kwamba bila kamba mashua itapotea. Erasto alipokuja aliitazama robo saa nzima, akachukua kalamu ya pili, na chini ya kichwa cha Changamoto akaandika: "Mashua haitulii."

Yuliana aliitazama pia, kwa muda mrefu kuliko Erasto.

"Fundi," alisema, "kitu kikielea, ukikisukuma kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Hata bondeni?"

Awadhi alifikiri. Miaka arobaini alikuwa ameunda mashua kwa ajili ya maji yanayokaa sawa, na bondeni ni mteremko. Lakini haya, kwa vile hayakuwapo, hapakuwa na sababu ya kuyadai yakae sawa.

"Tafuta mianzi mirefu," alisema. "Na wanawake wasiogope kuchafuka."

Jumamosi ya mwezi mwandamo walikutana wanawake kumi na mmoja. Kwanza waliikomba mashua, na maji yote waliyokuwa wameyachangia kwa wiki nyingi yakarudi nyumbani kwao ndani ya ndoo zilezile. Halafu wakapakia ndoo tupu, madumu, sufuria kubwa ya msibani, na mzee Awadhi. Saa tisa na nusu jioni wakafungua kamba. Mashua ilipita juu ya mihogo ikiyagusa majani, ikapita kati ya mikorosho ya kina Arthur iliyokuwa bado ya njano kwa dawa ya salfa, ikafika ukingo wa uwanda na kuufuata mteremko kama mbuzi anayejua njia. Wanawake walisukuma ardhi kwa mianzi. Yuliana alishika usukani, na Awadhi alikaa kando yake, mkono wake juu ya mkono wa Yuliana.

"Kushoto kidogo," alisema, bila kuona kitu. "Inavuta. Umeisikia?"

"Nimeisikia."

Mzee Awadhi alifurahi siku ile. Alifurahi waziwazi, kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake aliyemkatia tamaa, na machozi yalimtoka asijisumbue kuyafuta.

Walijaza ndoo sitini na sita kwenye kisima cha bondeni, wakarudi nazo juu kabla maji hayajapwa, na hakuna aliyetwishwa kitu. Wiki ile watoto wa Namidondi walioga hadi Jumatano. Tangu siku hiyo kila bamvua ilikuwa ni safari. Mara moja walichelewa, maji yakapwa njiani, mashua ikakaa katikati ya mihogo ya Shamsia, jirani yake Yuliana, mpaka ilipoinuka tena alfajiri. Shamsia alidai mihogo yake iliyolaliwa. Akapewa nafasi ya kukaa omo, mbele kabisa, akaisahau mihogo.

Safari ya tano mashua ilikwaruza jiwe, mwanya ukafunguka, matone yakaanza kuingia kutoka mahali pasipokuwa na maji. Yuliana aliutoboa mwanya, akaondoa pamba ya zamani, akashindilia mpya. Awadhi alikaa juu ya gogo lake akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, hakusema boga wala jiwe. Yuliana akaweka nyundo chini.

"Basi," alisema mzee. "Sasa nikifumba nimefumba. Nilitaka mmoja."

Wiki iliyofuata Erasto alileta wageni wa mradi, watu watatu wenye viatu vizuri. Waliikuta mashua ina matope ubavuni, alama za kamba, na dumu moja la njano lililosahauliwa chini ya tanga ambalo halijawahi kutwekwa. Wageni walisikitika. Mmoja aliuliza kama kitu hiki kimekuwa kikitumiwa. Mwenyekiti Arthur, ambaye mkewe alikuwa na zamu ya mwanzi wa tatu, alisema kimekuwa kikitumiwa kidogo.

Erasto alifungua Mwongozo wa Uhifadhi akausoma kwa sauti. Kitu kilichohifadhiwa hakitumiki, kwa sababu kikitumika kinachakaa, na kikichakaa hakijahifadhiwa.

"Bwana Erasto," alisema Awadhi, "mashua isiyobeba kitu ni kabati."

Erasto aliyapenda maneno hayo. Alichukua kalamu ya tatu akayaandika.

Yuliana aliomba ruhusa ya kusema. Alisema wao hawataki mashua ikae kwao siku zote; wangeomba hata siku mbili tu kwa mwezi, bahari inapojaa sana, kwa maji ya kunywa. Na ikipasuka popote wataiziba wenyewe.

"Nakuelewa, mama," alisema Erasto, na alikuwa anamwelewa kweli. "Lakini tukiruhusu maji leo, kesho mtaomba na kuni."

Vyeti vilitolewa siku hiyohiyo chini ya turubai. Vijana kumi na wawili walipewa cheti cha Fundi wa Mashua za Asili, daraja la kwanza. Awadhi, kwa kuwa hakumaliza darasa la nne, hakuwa na sifa ya cheti hicho, akapewa cheti cha Ushiriki. Alikishika kwa mikono miwili, juu chini. Mgeni mmoja alimwona Yuliana amesimama nyuma, mikono yake imechunika na kucha ni nyeusi, akauliza mama huyu ni nani katika mradi. Erasto alipitia orodha kwa kidole mpaka mwisho.

"Mchangia maji," alisema.

Akapewa kofia, na chupa ya maji ya nusu lita iliyobaki kwenye meza ya wageni. Yuliana alisema asante. Aliondoka na hasira yake hivyohivyo hadi nyumbani, akampa binti yake Winfrida ile chupa.

Mashua ilifungwa mnyororo kwenye nguzo ya zege na kujengewa banda la bati. Mbele ya banda pana kibao kilichoandikwa kwa rangi nzuri ya buluu: "Mashua isiyobeba kitu ni kabati. Maneno ya fundi wa asili. Usiguse." Kila bamvua mashua huliinua paa la banda kama kiganja kizima, na mwenyekiti ameagiza bati zipigiliwe misumari ya ziada. Ripoti ya mwisho ilisema kwamba Namidondi sasa inaongoza kanda nzima kwa idadi ya mafundi wa mashua, kumi na wawili, na kwa hiyo haihitaji tena msaada. Mradi ukafungwa. Zamu ya ndoo haikufungwa, kwa sababu ilikuwa kwenye Mwongozo, na mwenye uwezo wa kuubadilisha Mwongozo alikuwa mradi.

Wanane kati ya wale kumi na wawili wameondoka kutafuta kazi. Mmoja anauza simu Masasi mjini, na cheti chake kimebandikwa dukani juu ya chaja.

Awadhi haoni tena kitu. Asubuhi huongozwa na mkewe hadi nyuma ya nyumba ya Yuliana, kule kusikoonekana kutoka barabarani, hukaa juu ya gogo akachambua kunde na kusikiliza. Hapo, juu ya mawe matatu, pamelazwa mti mmoja wa mwembe wenye mikono tisa, umechongwa pande zote mbili. Ni mkuku tu, uti wa mgongo wa mashua. Hauna taruma wala ubao, na jirani akiuliza Yuliana husema ni boriti ya nyumba.

Alhamisi moja, siku tano baada ya mwezi mpevu, Yuliana alirudi kutoka bondeni saa mbili asubuhi, akatua ndoo ya watu jikoni, akazunguka nyuma ya nyumba. Awadhi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Tazama kwa chini," alisema. "Nimesikia mawe yanapumua."

Yuliana alipiga magoti akatazama. Kati ya mkuku na jiwe la kwanza palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Kwenye jiwe la pili vilevile, na la tatu. Alipitisha kidole chake chote bila kugusa kitu juu wala chini.

"Kiasi gani?" Awadhi aliuliza.

"Kidole."

"Maji yanaelekea kufa leo, ndiyo maana. Subiri mwezi uandame." Akachambua kunde mbili tatu. "Uwekee jiwe juu, usije ukaondoka bila wewe."

Yuliana aliuwekea jiwe, kisha la pili, mkuku ukatulia. Aliusafisha vumbi kwa upindo wa kanga yake. Ilikuwa Alhamisi. Akachukua ndoo, akashuka bondeni mara ya pili.